Si kila wingu kwenye sona ni dagaa wa uji wa mtoto

Mwanza. Mzazi anayenunua kisado cha dagaa sokoni kwa ajili ya uji wa mtoto huangalia bei na michanga. Ni nadra kujiuliza ni nani anayejua kama ziwani wamebaki dagaa wa kutosha.

Kazi hiyo hufanywa na watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda. Huzunguka Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba 68,800, kwa meli iliyofungwa sona. Kifaa hicho hufanya kazi kama ultrasaundi ya mjamzito: hutuma sauti, husubiri mwangwi, kisha huchora picha. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo kwenye kina cha mita 60 jibu hurudi kabla hujapepesa jicho.

Ugumu uko kwenye kuisoma picha.

Wingu lisilo la samaki

Kinachorudisha sauti kwa nguvu ni hewa. Samaki wengi wana kibofu cha hewa ndani ya mwili, ndiyo maana huonekana. Lakini viluwiluwi wa wale wadudu wanaoruka juu ya ziwa kama moshi nao wana vifuko vya hewa. Mchana wengi hujificha kwenye tope, usiku hupanda juu kutafuta chakula. Kwenye skrini, kundi lao linaweza kufanana na kundi la dagaa. Mapovu ya gesi yanayotoka topeni nayo huacha alama.

Ndiyo sababu watafiti hawaamini picha peke yake. Hupima kwa sauti za masafa tofauti, kwa kuwa viumbe hawa hawarudishi mwangwi kwa namna moja. Hupima pia oksijeni, maana samaki hukwepa maji ya chini yaliyokosa hewa. Kisha hushusha wavu kuona kilichopo hasa.

Kwa nini inamhusu mzazi

Wadudu wakihesabiwa kama dagaa, ziwa litaonekana limejaa wakati limepungua, na uvuvi utaachwa uendelee kupita kiasi. Atakayeumia kwanza ni mtoto wa familia isiyomudu nyama wala maziwa. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo humpa protini, madini ya chuma, zinki na kalsiamu kwa bei nafuu. Tayari anagombaniwa na viwanda vya chakula cha kuku.

Wakati watafiti wakihesabu, mzazi naye ana sehemu yake. Chagua dagaa waliokaushwa juu ya chanja badala ya mchangani. Waoshe vizuri kwa maji safi, wakaushe, wakaange bila mafuta, kisha wasage hadi wawe unga laini. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza kuwekewa kidogo kwenye uji, huku akiendelea kunyonya.