Muhindi wa Lualaba: nani alipima hizi tani?

"Mama, meka iko ngapi leo?" Kwenye masoko ya Kolwezi, ulizo hilo njo takwimu ya kwanza ya kilimo. Ya pili inaandikwa ofisini: tani za muhindi ambazo jimbo limevuna. Hizi mbili zikipingana, tuamini ipi?

Tani inatoka kwa vitu viwili: ukubwa wa shamba, na kilo zinazovunwa kwa kila hektari. Kukosea kimoja ni kukosea yote. Agronomu asiye na pikipiki wala mzani anauliza chefu wa kijiji, chefu anakadiria kwa macho, na karatasi inapanda: sekta, jimbo, mpaka Kinshasa. Kila ngazi inajumlisha tu. Hakuna anayerudi shambani.

Mufuko nao haulingane na mwenzake. Kuna wa kilo 50, kuna ule wa kujaza mpaka kushonea juu. Tena, kilo 100 za muhindi wenye unyevu wa asilimia 25, ukikauka mpaka 13, zinabaki kilo 86 hivi. Aliyepima muhindi mubichi amehesabu na maji.

Kuhakikisha kunawezekana. Mashamba yanachaguliwa kwa kura, si yale ya kando ya barabara tu. Unazunguka shamba na GPS, unavuna kipande ulichopima, unakausha, unaweka kwenye mzani. Halafu unaenda sokoni: kama karatasi inasema mavuno yamepanda, lakini mwezi wa 5, muhindi mupya ukiwa umeingia, bei ya meka haishuke, basi ile karatasi iulizwe.

Kujua mahitaji pia ni shida: Congo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Midomo mingapi inakula Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa? Yote ni makadirio.

Kosa hilo linafika mpaka kwenye sahani. Muhindi na unga mwingi tunaokula unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame wa kwao kuwa janga la taifa. Siku kama hiyo, jimbo linapaswa kujua kweli lina tani ngapi, ili liagize mapema. Tani za karatasi hazipike bukari.

Shaba yetu haitoke Kolwezi bila kupita kwenye mzani. Muhindi tunaokula nao upimwe.