Kutazama na Kusahihisha Daftari la Shule kwa Kompyuta

Mwanachuo aliyekwisha kufanya mazoezi ya kufundisha bila shaka amewahi kulishika daftari la uandikishaji wa wanafunzi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi daftari la namna hiyo linavyotazamwa na kusahihishwa likiwa ndani ya kompyuta. Mfano wetu ni programu iitwayo phpMyAdmin, iliyoanzishwa na Tobias Ratschiller mwaka 1998. Hufunguliwa kwa kivinjari, kama ukurasa wowote wa intaneti, nayo huonyesha yaliyomo katika hifadhidata ya MySQL.

Hifadhidata ni mkusanyo wa majedwali. Kila jedwali lina safu za kusimama, kama vile namba ya uandikishaji, jina, mwaka wa kuzaliwa na darasa. Na lina mistari ya kulala, kila mstari ukiwa ni kumbukumbu za mtoto mmoja. Bila programu ya namna hii ingetubidi tuandike amri kwa lugha iitwayo SQL. Hapa twabofya tu, nayo hutuandikia amri hizo.

Tulifunguapo jedwali, kwa kawaida huonekana mistari 25 kwa mara moja. Kando ya kila mstari pana alama za kuhariri, kunakili na kufuta. Tukitaka kufuta, programu hutuuliza kwanza kama tumekusudia kweli. Lakini tukibofya mara mbili juu ya kisanduku, twaweza kubadili maandishi papo hapo, na mara tukitoka katika kisanduku hicho badiliko limekwisha kuhifadhiwa bila ya swali lolote. Hapo ndipo penye hatari. Katika daftari la karatasi, neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi. Msomaji huliona la kwanza na la pili. Katika jedwali la kawaida, la kwanza limepotea. Tarakimu moja ya mwaka wa kuzaliwa ikikosewa, mtoto huweza kuhesabiwa umri usio wake.

Wanachuo hushangaa pia waonapo jedwali lisilo na alama za kuhariri. Tuseme darasani wamo Juma Ali wawili, waliozaliwa mwaka mmoja. Tukiambiwa tumhamishe Juma Ali, hatuna budi kuuliza: yupi? Programu nayo huuliza hivyo hivyo. Isipokuwapo safu ambayo thamani zake hazijirudii, huzificha alama hizo, nasi twaona ni haki. Ndiyo sababu namba ya uandikishaji hufanywa ufunguo msingi wa jedwali.

Kabla ya kugusa chochote, yafaa kuhamisha nakala ya jedwali zima katika faili la pembeni. Baada ya kila badiliko, programu huonyesha amri iliyotumika. Sisi huwataka wanachuo wetu wainakili katika daftari la mazoezi, pamoja na tarehe, thamani ya zamani, na jina la aliyebadili.