Gora Moja, Kanzu Mbili

Mpwa wangu, ambaye anasomea historia chuoni, aliniuliza swali likizo iliyopita ambalo sikulitarajia. Tulikuwa tumeketi jioni tatu mfululizo tukiitazama Get Back, filamu ya Peter Jackson ya mwaka wa 2021 kuhusu bendi ya Waingereza, The Beatles. Ina sehemu tatu, nayo huchukua takriban saa nane. Ilipokwisha alinigeukia. "Mjomba, wewe ulinifunza kwamba hawa walikuwa hawapatani. Mbona nimewaona wakicheka?"

Naam, ndivyo nilivyomfunza, maana ndivyo nilivyofunzwa mimi. Wengi wa rika langu tuliirithi habari hiyo kutokana na Let It Be, filamu ya Michael Lindsay-Hogg iliyotoka Mei 1970.

Ajabu, msomaji mpenzi, ni kwamba filamu hizo mbili zilikatwa katika gora moja. Mnamo Januari 1969, Lindsay-Hogg aliwaelekezea kamera John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr walipokuwa wakitunga nyimbo mpya, kwanza katika studio za Twickenham, kisha katika jumba lao la Savile Row, London. Alikusanya picha za saa 60 hivi, na sauti za zaidi ya saa 100. Kutokana na shehena hiyo alitoa filamu isiyotimia hata saa moja na nusu. Jackson alirejea ghalani humo humo zaidi ya miaka 50 baadaye, akashona vazi jingine.

Aliyeingia sinema mwaka wa 1970 alikuwa kama aendaye matangani. Bendi ilikuwa imevunjika mwezi mmoja hivi kabla, na habari zilikuwa zimeenea kote. Kwa hiyo kila mwayo aliouona ulikuwa dalili ya maradhi, na McCartney na Harrison walipobishana kuhusu namna ya kupiga gitaa, mtazamaji aliona jeneza.

Lakini hebu tazama. Tarehe 10 Januari Harrison aliinuka akaiacha bendi, akakaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Tukio hilo zito halimo katika filamu ile ya huzuni! Limo katika hii ya vicheko. Fauka ya hayo, Jackson anatusikizisha mazungumzo ya faragha ya Lennon na McCartney kumhusu mwenzao, yaliyonaswa na kipaza sauti kilichofichwa ndani ya chungu cha maua mkahawani. (Siafiki kamwe kuwategea watu sikio wakiwa mezani, ingawa nakiri kwamba nilisikiliza hadi mwisho.)

Hata hivyo, mtu asikimbilie kusema kwamba ya kwanza ilidanganya na ya pili ndiyo kweli tupu. Zote zilipitia mikononi mwa kampuni ya bendi yenyewe. Isitoshe, miongoni mwa watayarishaji wa Get Back wamo McCartney, Starr, na wajane wa Lennon na Harrison. Nani apendaye marehemu wake akumbukwe kwa ugomvi?

Sisi walimu tumezoea kumwambia mwanafunzi kwamba picha haisemi uongo. Aghalabu hatumwambii kwamba picha hiyo ilichaguliwa, na kwamba nyingine ziliachwa sakafuni. Hata tamasha lao la mwisho juu ya paa, tarehe 30 Januari 1969, lililochukua dakika 42 hadi polisi wakafika, filamu ya kwanza ilitoa kama nusu yake tu.

Kwa kuwa Let It Be ilitolewa tena mwaka wa 2024, tuliitafuta tukaitazama pia. Tulipofika penye ubishi ule wa gitaa, mpwa wangu aliisimamisha picha, akaniuliza ni nini kilichosemwa dakika kumi kabla ya hapo. Sikuwa na jibu. Tukaifungua tena ile ndefu, tukaanza kutafuta.