Visima vya Isaka na Msomaji wa Singida

Vitabu vya makuzi ya kiroho, yaani maandishi yanayomsaidia Mkristo kukua katika sala, subira na mwenendo, huandikwa kwa njia kuu mbili: ipo inayopanga mafundisho kwa mada, na ipo inayomchukua mtu mmoja wa Biblia na kuyafuata maisha yake. Mkoani Singida, ambako Ulutheri uliingia Iramba kupitia wamisionari wa Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha ukaendelezwa na misheni ya Augustana ya Marekani kuanzia miaka ya 1920, vijana wa kipaimara wamelelewa zaidi kwa njia ya kwanza, kwa kukariri maswali na majibu ya Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Njia ya pili ingewafaa sana, mradi mwandishi asimpunguze mhusika hadi abaki na fadhila moja tu.

Isaka wa Mwanzo 26 anatosha kulionyesha hilo. Njaa inampeleka Gerari kwa Abimeleki, mfalme wa Wafilisti, analima na kuvuna mara mia, nao wenyeji wanamwonea wivu na kuvifukia visima vilivyochimbwa na watumishi wa baba yake. Wachungaji wanagombania kisima cha Eseki, kisha cha Sitna, na ugomvi unakoma Rehobothi. Mfugaji wa Kinyaturu au Kinyiramba, katika nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, ambako maji ya kiangazi hutafutwa kwa kuchimba mchanga wa mito iliyokauka, na ambako maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo kando ya mji ni ya chumvi, haelezwi maana ya kisima kilichofukiwa. Muktadha, yaani mazingira ya tukio, anao tayari. Kazi ya mwandishi ni kumwonyesha kwamba kuviacha visima viwili bila kupigana kulimgharimu Isaka jasho na mali.

Hata hivyo, waandishi wengi (kwa nia njema, bila shaka) huruka aya zinazosimulia jinsi Isaka huyo huyo, kwa kuogopa kuuawa, alivyodai kuwa mkewe Rebeka ni dada yake, akaumbuliwa na mfalme wa kigeni. Bila woga huo, uthabiti wake wa visimani unaonekana kama tabia ya kuzaliwa, na msomaji mwoga hana pa kuanzia. Eliya naye hutajwa kwa ushindi wa Karmeli, ilhali ndiye aliyeomba kufa chini ya mretemu, akalishwa na malaika kabla ya kutumwa tena.

Upungufu mwingine ni kukomea Rehobothi, mahali pa nafasi, na kupageuza kuwa ahadi ya biashara kupanuka. Isaka hakukaa hapo. Alipanda Beer-sheba, akajenga madhabahu, akamwandalia karamu Abimeleki aliyekuwa amemfukuza, wakaapiana asubuhi na kuagana kwa amani, na siku hiyo hiyo watumishi wakaja na habari kwamba wamepata maji.