Msawazo si Usawa: Istilahi na Ufumbuzi wa Maswali ya Kemia

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii yaoana barabara na dhana ambayo huwatatiza wanafunzi wengi wa kemia katika shule za upili, nayo ni msawazo wa kikemia. Makala haya yanaazimia kuonyesha kwamba aghalabu tatizo la mwanafunzi halianzii katika hesabu bali katika maana ya neno. Kwa hivyo, ni tatizo linalomhusu mwanaisimu kama linavyomhusu mwalimu wa sayansi.

Katika kemia, neno sawa limezaa dhana mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni kusawazisha mlinganyo, yaani kuhakikisha kwamba atomi za kila elementi zina idadi moja katika pande zote mbili. Msomi wa ushairi hawezi kupotea hapa, kwani jambo hili linafanana na urari wa mizani. Ya pili ni msawazo wenyewe. Mmenyuko unaoweza kurudi nyuma, ukitukia katika chombo kilichofungwa, hufikia hali ambapo kasi ya kwenda mbele inalingana na kasi ya kurudi. Kilicho sawa hapa ni kasi, wala si viwango vya dutu.

Mathalani, katika kivuko cha Likoni, iwapo kila saa watu wanaoingia kisiwani Mombasa wanalingana kwa idadi na wanaotoka, hesabu ya watu wa kila upande haitabadilika. Hata hivyo, haimaanishi kwamba pande hizo mbili zina watu sawa, wala kwamba feri imesimama.

Tofauti hii hudhihirika mwanafunzi anapokabiliwa na swali. Chukulia kwamba moli 1 ya hidrojeni na moli 1 ya iodini zimetiwa katika chombo cha lita 1, katika halijoto ambapo kisobadilika cha msawazo ni 64. Mlinganyo wake ni huu:

H2 + I2 ⇌ 2HI

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa mlinganyo umesawazishwa. Ya pili ni kuonyesha mabadiliko: ikiwa moli x za hidrojeni zimetumika, hidrojeni iliyobaki ni 1 − x, iodini vilevile ni 1 − x, na hidrojeni iodidi iliyoundwa ni 2x. Ya tatu ni kuunda usemi wa kisobadilika: ukolezi wa zao, uliozidishwa kwa wenyewe kwa sababu ya ile 2 katika mlinganyo, hugawanywa kwa ukolezi wa hidrojeni uliozidishwa kwa ule wa iodini. Hivyo:

(2x)² ÷ (1 − x)² = 64

Kipeuo cha pili cha pande zote hutoa 2x ÷ (1 − x) = 8, na kwa hiyo x ni 0.8. Basi hidrojeni ni moli 0.2, iodini 0.2, na hidrojeni iodidi 1.6. Hatua ya mwisho ni kuhakiki: 1.6 × 1.6 ni 2.56, ambayo ikigawanywa kwa 0.04 hutoa 64.

Ni dhahiri shahiri kwamba 0.2 na 1.6 si sawa, ilhali msawazo umefikiwa. Mwanafunzi aliyedhani kwamba msawazo ni usawa wa viwango angeandika x pande zote na kupotoka kabla ya kuanza kukokotoa.

Katika shule za upili nchini Kenya, kemia hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili imekuwapo; TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Linalosalia kwa wapenzi wa lugha ni kuzipima istilahi katika maswali halisi kama hili. Neno usawa likitumiwa mahali pa msawazo, mwanafunzi atakuwa amepotoshwa na lugha yake mwenyewe, na alama atakazopoteza zitahesabiwa kuwa udhaifu wake katika kemia.