Akiba ya Uzeeni kwa Mzazi Anayelea Peke Yake
Mkulima wa tumbaku wa Mtendeni, Tabora, hupata fedha mara moja kwa mwaka, tena baada ya deni la pembejeo kukatwa. Mzazi anayelea watoto peke yake hana wa kusaidiana naye. Yampasa aijue hesabu hii mapema: Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), ambao aliyejiajiri huweza kujiunga nao kwa hiari, hulipa pensheni ya uzeeni kwa mwanachama wa miaka 60 aliyechangia miezi 180, yaani miaka 15. Basi mwenye miaka 45 asikawie. Aliyepungukiwa miezi hulipwa mkupuo mmoja tu, nao huisha upesi. Katibu amshauri atenge mchango siku ileile ya malipo ya tumbaku, na stakabadhi azihifadhi.