Akina Schmidt Si Ukoo Mmoja

Nchini Ujerumani, Schmidt ni jina la ukoo la pili kwa wingi baada ya Müller. Wingi huo huwafanya wengi waamini kwamba wenye jina hilo, wakifuatilia nasaba zao hadi mwisho, watakutana kwa babu mmoja. Ushahidi unaonyesha kinyume: jina hili, lenye maana ya mhunzi, huhifadhi kazi ya babu na eneo alikoishi, wala si kithibitisho cha undugu wa damu.

Kabla ya karne ya 12, Wajerumani wengi walikuwa na jina moja tu. Miji kama Köln ilipofurika watu na hati za mali kuongezeka, akina Johannes wakawa wengi mno, ikabidi kila mmoja apewe la kumtofautisha: jina la baba, mahali alikotoka, umbo lake au kazi yake. Baadaye desturi hiyo ilienea vijijini. Huko karibu kila mtu alilima, lakini mhunzi mara nyingi alikuwa mmoja. Ndiye aliyepigilia vyuma kwatoni mwa farasi, akanoa majembe ya plau na kufua bawaba za milango. Kumwita kwa kazi yake kulitosha. Na kwa kuwa vijiji vilikuwa maelfu, jina la mhunzi lilizaliwa tena na tena, kila mara kwa mtu asiyehusiana na mwenzake.

Tahajia inathibitisha hayo. Kusini limeenea Schmid, kandokando ya mto Main ni Schmitt, na katika eneo la Köln ni Schmitz, ambalo mwisho wake ulimaanisha mwana wa mhunzi. Kromosomu Y nayo, ambayo mwana huirithi kwa baba kama lilivyorithiwa jina, inaelekeza huko huko. Mwaka 2009, Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti wa majina ya Uingereza. Wanaume wenye jina adimu mara nyingi walikuwa na babu mmoja. Akina Smith, ambao jina lao pia ni la wahunzi, hawakukaribiana hivyo. Nchi ni nyingine, lakini namna jina lilivyozaliwa ni ile ile.

Mtu anaweza kupinga kwamba tahajia haiaminiki, kwa kuwa kabla ya usajili wa kiserikali kuanza kote nchini mwaka 1876, mapadri na wachungaji waliandika majina kama walivyoyasikia. Ni kweli, na ndiyo maana ndugu wawili wangeweza kuandikwa tofauti. Lakini mwandishi aliyefuata sikio lake alifuata lahaja ya mahali pale. Pingamizi zito zaidi ni la baada ya 1945, Wajerumani wapatao milioni 12 walipofukuzwa au kukimbia kutoka mashariki, jambo ambalo lingeweza kuvuruga mgawanyo huo wa tahajia. Hata hivyo, ramani zilizochorwa kwa orodha ya wenye simu za mezani ya mwaka 2005 bado zinaonyesha waziwazi eneo la kila tahajia.

Kwa hiyo, anayetafuta asili yake na anaitwa Schmidt asianze kwa kukusanya majina yanayofanana na lake. Atafute kwanza kijiji, kisha daftari la ubatizo la kanisa la hapo. Undugu unathibitishwa na mlolongo wa wazazi na watoto, na hakuna jina, hata liwe maarufu vipi, linaloweza kushika nafasi hiyo.